Jinsi ya kumrekodi bibi au babu akisimulia nchi alikotoka

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nianze na swali gani? Simu yangu inatosha? Bibi anasema hana la kusimulia, nifanyeje? Akianza kulia, niendelee au nizime? Karibu wote wanaouliza ni wajukuu waliozaliwa mbali na kwao, wenye bibi au babu aliyekulia nchi nyingine, nao wanaijua nchi hiyo kwa jina tu. Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika.

Mara ya kwanza nilipojaribu na bibi yangu mzaa mama, niliwasha simu nikamuuliza, "Bibi, kwenu kulikuwaje?" Akasema, "Kulikuwa kuzuri." Akanyamaza. Nikasubiri, naye akasubiri, mwishowe akainuka kwenda kuanua nguo. Wiki iliyofuata nilimpa karatasi tupu na penseli, nikamwomba anichoree uwanja wa nyumba yao. Hakuanza kuchora. Kwanza aliigeuza karatasi, mara moja, mara ya pili, mpaka upande aliotaka uwe wa mlango ukaelekea jua linakochomoza. Ndipo akachora. Kisima hakukichora, alichukua kifungo kwenye kopo lake la nyuzi, akakiweka juu ya karatasi, akakisogeza kidogo kushoto, akasema, "Hapa. Na hapa njiani ndipo nilipovunja mtungi wa mama." Siku hiyo nilirekodi saa moja na dakika ishirini.

Kwa hiyo, kama utasoma jambo moja tu hapa, lisome hili: usimwombe mzee akueleze nchi, mwombe akutembeze uwanja wa nyumba yao. Nchi ni kubwa mno, haiingii katika jibu. Uwanja una mlango, una njia, una mti, na kila kitu kilichomo kina kisa chake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye programu ya kurekodi sauti. Inatosha kabisa. Kama una maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, vizuri zaidi, lakini usiahirishe kazi kwa sababu huna.
- Nafasi kwenye simu. Saa moja ya MP3 ya kawaida (128 kbps) huchukua karibu MB 60. Saa moja ya WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya chaneli moja huchukua zaidi ya MB 300. Nafasi ikiruhusu, chagua WAV, kwa kuwa haipunguzi chochote katika sauti. Unaweza kutengeneza MP3 kutoka WAV wakati wowote, lakini kilichokwisha kupunguzwa hakirudi.
- Chaja iliyo karibu.
- Karatasi kubwa tupu, penseli, na vitu vidogo vya kupanga juu yake: vifungo, mbegu, vijiti vya kiberiti. Wazee wengi hawapendi kuchora lakini hupenda kupanga.
- Daftari la kuandikia majina ya watu na mahali. Hili usiliruke. Nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 6.
- Picha na karatasi za zamani, kama zipo. Ziweke kando kwanza.
- Mtu anayeijua lugha yake, kama wewe huijui.

Hatua kwa hatua

1. Omba ruhusa, na useme sauti itakwenda wapi.
Usirekodi kwa siri hata kama unadhani ataongea kwa uhuru zaidi. Mwambie wazi: nataka kukurekodi, itasikilizwa na mama na wajomba, haitawekwa mtandaoni bila wewe kukubali. Wazee waliokimbia vita au serikali wana sababu ya kuuliza ni nani atakayesikia, na mara nyingi jamaa zao bado wako kule. Mwambie pia anaweza kusema "hili lizime" wakati wowote. Akisema hivyo, zima kweli, mbele ya macho yake, na umwoneshe kioo cha simu.

2. Tafuta saa yake na chumba kimya.
Kila mzee ana saa ambayo akili yake imechangamka. Kwa wengi ni asubuhi baada ya kupumzika kidogo. Zima feni, redio na televisheni, funga dirisha la upande wa barabara. Sikio letu huzoea mngurumo wa friji likausahau, simu haiusahau. Chumba chenye pazia, zulia na makochi hutoa sauti safi kuliko chumba kitupu chenye mwangwi.

Kaeni wawili. Watatu kama kuna mkalimani. Wajomba wakikaa pembeni wataanza kumsahihisha, naye ataanza kuwajibu wao.

3. Iandae simu.
Iweke katika hali ya ndege. Nilipoteza dakika arobaini za bibi kwa sababu simu iliita katikati na kurekodi kukakatika bila mimi kujua. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, isiguse meza moja kwa moja, maana kila akigonga meza utasikia ngoma. Umbali kutoka mdomoni uwe kama sentimita 30 hadi 50. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo muanze.

4. Taja utambulisho.
Sekunde kumi tu: jina lake, jina lako, tarehe, mahali mlipo, lugha mtakayotumia. Baada ya miaka, faili inayoitwa "Rekodi 14" haitamwambia mtu chochote.

5. Mpe karatasi, mwombe akutembeze.
Anza na nyumba aliyoishi akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Umri huo si wa kubahatisha. Watu wengi wakizeeka hukumbuka kwa uwazi zaidi mambo ya miaka yao ya kumi mpaka thelathini kuliko ya miaka iliyofuata. Mwombe aweke mlango kwanza. Kisha umfuate:

- Ukitoka mlangoni, kuliani kuna nini?
- Maji mlichota wapi, na nani alitumwa?
- Usiku ulilala upande gani, na nani alilala karibu nawe?
- Nyumba ya jirani ilikuwa wapi, na aliitwa nani?
- Mahali gani hamkuruhusiwa kwenda?

Swali la mwisho hilo usilisahau. Kila mtoto duniani alikuwa na mahali alipokatazwa, na karibu kila mtoto alikwenda. Nimeliona likifungua wazee waliokaa nusu saa wakijibu ndiyo na hapana.

Ukishamaliza uwanja, panua: njia ya kwenda shule, njia ya sokoni, mto, mahali watu walipokutania. Panua pole pole. Vikao vitatu vya uwanja na njia vitakupa nchi kuliko kikao kimoja cha "siasa za wakati ule".

Piga picha ramani kabla vifungo havijaondolewa.

6. Uliza yaliyofanywa kwa mikono na miguu, usiulize maoni.
"Mliishije?" ni swali la maoni. "Mlango mlifungaje usiku?" ni swali la mikono. La kwanza huleta jibu fupi lenye busara. La pili humfanya ainue mkono kukuonesha komeo. Akikuonesha kitu kwa ishara, kiseme kwa sauti ili rekodi ikipate: "Kwa hiyo kilikuwa kipana kama mikono miwili, bibi?"

Likitajwa jina la mtu au mahali, usimkatize. Liandike daftarini jinsi ulivyolisikia, pamoja na dakika iliyoonekana kwenye simu. Mwisho wa kikao mrudie: "Bibi, yule uliyemtaja pale kwenye njia ya mto, jina lake linaandikwaje? Alikuwa nani kwenu?" Majina ndiyo yanayopotea kwanza, na ndiyo ambayo hakuna mtu mwingine atakayeweza kukupa.

7. Nyamaza.
Akiacha kusema, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza tena. Wengi wetu tunajaza kimya baada ya sekunde mbili, na hapo ndipo tunapokiua kisa kilichokuwa kinakuja. Badala ya "ehe, ehe" ya mdomo, tikisa kichwa. Sauti yako itafunika yake.

8. Mwache aongee lugha ya huko.
Hata kama huielewi. Mtu aliyeishi utoto wake katika lugha moja akiusimulia kwa lugha nyingine hufupisha, huruka, huchagua maneno rahisi ili umwelewe. Mwambie aseme kwanza kwa lugha yake, tafsiri itafuata, leo au mwaka ujao. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja, acha ilivyo.

9. Safari ya kuondoka usiifanye kikao cha kwanza.
Wajukuu wengi hukimbilia hapo: mliondokaje, nini kilitokea. Kwa mzee aliyeondoka kwa hiari ni kisa cha kawaida. Kwa aliyekimbia, hilo ndilo jeraha. Subiri mpaka mmekaa mara kadhaa, na umwache yeye aingie kwa mlango anaoutaka. Swali linalosaidia ni dogo: "Ulibeba nini mkononi?" Akijibu hilo tu akanyamaza, jibu hilo linatosha.

10. Picha zije baadaye.
Ukianza na picha, kumbukumbu zake zote zitabanwa ndani ya yale yanayoonekana kwenye picha. Zitoe kikao cha tatu au cha nne. Uliza nani hayupo kwenye picha, na nani alipiga. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kalamu ya wino hupenya na kuharibu. Ukizipitisha kwenye skana, tumia 600 dpi (nukta 600 kwa kila inchi).

11. Simamisha kabla hajachoka.
Dakika 40 hadi 60 zinatosha. Usiondoke ghafla baada ya jambo zito. Mrudishe kwanza kwenye uwanja, kwenye jambo jepesi, ndipo uzime. Na baada ya kuzima kaa naye, kwa sababu mara nyingi maneno mazuri huja simu ikiwa imeshazimwa. Yaandike ukifika nyumbani.

12. Nakili siku hiyo hiyo.
Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu huibiwa, flashi hufa bila kuaga. Kuituma kwenye kundi la familia si kuhifadhi: programu za ujumbe mara nyingi huibana sauti ya ujumbe, na watu hufuta ili kupata nafasi. Ipe faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na tarehe ili zijipange zenyewe: 2025-03-09_bibi_uwanja.

13. Tafuta mahali na miaka.
Hii fanya peke yako, kisha umrudie na ulichopata. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na mara nyingi hukwama kwa sababu wanamdhania mzee amesahau kumbe amekumbuka sawasawa.

Kwanza majina. Mji anaoutaja unaweza usionekane kwenye ramani ya leo kwa sababu umebadilishwa jina. Aliyezaliwa Léopoldville amezaliwa Kinshasa, jina lilibadilika 1966. Lourenço Marques ikawa Maputo 1976, Salisbury ikawa Harare 1982, Bombay ikawa Mumbai 1995. Hata nchi: anayesema alizaliwa Ceylon anasema Sri Lanka, jina lililoanza kutumika 1972. Mwingine kijiji chake hakikusogea lakini mpaka ulikiruka, kama ilivyokuwa India na Pakistan zilipotenganishwa 1947. Tafuta jina la zamani, usimlazimishe jipya.

Pili kalenda. Mwaka wa Ethiopia uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane. Babu wa huko akisema alizaliwa 1940, kama anahesabu kwa kalenda ya kwao ni 1947 au 1948 kwa hii. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni karibu miaka 32 ya kalenda hii. Mzee akihesabu umri wake hivyo, tofauti ya miaka miwili au zaidi ni ya kawaida.

Tatu matukio. Wengi hawakumbuki mwaka lakini wanakumbuka kilichotokea: tetemeko, nzige, bendera mpya, siku jua lilipofunikwa mchana. Kupatwa kwa jua ni zawadi kubwa kwa kazi hii, kwa sababu wanaastronomia wamehesabu tarehe na njia ya kila kimoja kwa karne nyingi nyuma. Kwa mfano, kupatwa kikamilifu kwa tarehe 30 Juni 1973 kulivuka Afrika kuanzia Mauritania mpaka Kenya. Bibi akisema alikuwa na mtoto mgongoni siku kuku walipoingia kulala mchana, na kijiji chake kilikuwa kwenye njia hiyo, umepata tarehe kamili, na umri wa mtoto pia.

Mwisho, fungua picha za setilaiti pamoja naye. Nyumba huenda haipo, lakini mto, mlima na njia panda huwa vipo. Weka ramani yake ya vifungo kando ya kioo. Mtayarishe kabla: mwambie kwamba huenda ataona majengo mageni mahali pa nyumba yao.

14. Andika, kisha mrudishie.
Kuandika saa moja ya mazungumzo neno kwa neno huchukua saa nne mpaka sita kwa mtu asiyezoea. Usijilaumu ukichelewa. Anza na orodha tu: dakika ya 3, kisima, dakika ya 11, jirani fundi, dakika ya 26, njia ya shule. Ukiandika maneno yake, yaache yalivyo. "Tulikuwa tunakwendaga" isigeuke "tulikuwa na desturi ya kwenda". Msomee alichosema. Atasahihisha, na masahihisho yale yarekodi pia.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kumsahihisha mbele yake. Akisema mwaka usio sawa, uache. Utauandika kando baadaye.

Kuuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Atajibu la mwisho tu.

Kumwonesha kwa watu kama maonyesho: "Bibi, wasimulie wageni ile ya mto." Kisa kilichotolewa kwako chumbani hakikutolewa kwa kila mtu.

Kupeleka mtandaoni rekodi yenye majina kamili ya watu walio hai. Hata kama yeye amekubali, wao hawajaulizwa.

Mambo yakikwama

*Anasema hana la kusimulia.* Maana yake mara nyingi ni kwamba haamini mambo yake ni historia. Weka simu kando, fanyeni kazi pamoja, kukunja nguo au kuchambua mbegu, uulize jinsi walivyokuwa wakifanya hiyo hiyo kule. Omba ruhusa ya kurekodi akishachangamka.

*Anarudia kisa kile kile kila siku.* Kirekodi tena. Kisha ingia ndani yake kwa swali ambalo kisa chenyewe hakijibu: nani mwingine alikuwepo? Ulikuwa umevaa nini? Baada ya hapo mlikwenda wapi?

*Visa viwili vya jambo moja havilingani.* Hifadhi vyote viwili na tarehe zake. Usichague.

*Analia.* Usizime haraka kana kwamba amekosea. Ngoja, mshike mkono kama ndivyo mlivyozoeana, kisha muulize, "Tuache, au tuendelee?" Yeye ndiye anayeamua. Kama baada ya vikao anakosa usingizi au anarudiwa na ndoto mbaya, acheni habari za safari na vita kabisa, na umtafutie mtu wa afya wa kuzungumza naye.

*Anataja ndugu waliyepotezana.* Muulize kama angependa atafutwe. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika nchi nyingi vina huduma ya kuwatafuta jamaa waliotenganishwa na vita, maafa au uhamaji. Nenda na daftari lako: jina kamili, majina ya wazazi, kijiji, mara ya mwisho kuonana. Usimwahidi kitu.

*Anaanza kusahau.* Fupisha vikao viwe vya dakika kumi au kumi na tano. Usiulize "unakumbuka?", swali hilo humtia aibu. Sema wewe kwanza: "Ulinieleza kisima kilikuwa kushoto kwa njia." Muziki wa ujana wake na kitu cha kushika mkononi husaidia sana.

*Yuko mbali, mnaongea kwa simu tu.* Mtafute mtu aliye naye akae na simu ya pili ya kurekodi karibu na mdomo wake. Hiyo itakuwa safi kuliko kurekodi mazungumzo yanayopita kwenye mtandao. Ramani aipange yeye kule, mwenzako aipige picha.

*Ameshafariki.* Nenda kwa waliomsikia: wadogo zake, marafiki wa rika lake, mtoto wake mkubwa. Kila mmoja mpe karatasi yake tupu, peke yake, bila kuona ya mwenzake, umwombe apange uwanja alivyosikia ukisimuliwa. Ukiziweka karatasi hizo pamoja, vitu vinavyotokea mahali pamoja kwenye zote viandike kwa wino. Vilivyo kwenye moja tu viandike kwa penseli, na jina la aliyevisema kando yake. Pasipojulikana pabaki peupe.